Mwongozo kamili: kujenga roboti ya mashindano inayofuata mstari bila kutoka njiani

Kila mashindano ya shule yakikaribia hapa Lubumbashi, maswali yanayonifikia kutoka mitaa ya Katuba, Kenya, Kampemba mpaka Kasapa ni yale yale, na wote huniita yaya, yaani mkubwa wao. "Yaya, roboti inaenda vizuri kwenye mstari ulionyooka, ikifika konani inatoka." "Yaya, mota zikianza tu, inajizima." Nikiomba kuona kilichofanyika, naletewa programu, kurasa kwa kurasa. Betri haniletei mtu.

Na hapo ndipo ugonjwa ulipo mara nyingi. Roboti za wanafunzi hushindwa kwa umeme, kwa magurudumu na kwa vihisi, kisha lawama zote hutupiwa programu kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye skrini. Ndiyo maana programu imewekwa karibu na mwisho wa mwongozo huu. Usiruke hatua. Nyingi zina kipimo chake, na kama hujakifikia, kubadilisha namba kwenye kompyuta hakutakusaidia kitu.

Nitaeleza roboti ya magurudumu mawili inayofuata mstari mweusi kwenye sakafu nyeupe, maana ndiyo vikundi vingi huanzia hapo. Kama mnajenga ya kubeba vitu au ya kusukumana, hatua nne za mwanzo hazibadiliki sana.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Vingi huagizwa nje na kuingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na kikichelewa kimoja kundi zima linakaa bure.

- Arduino Uno, bodi ndogo inayobeba programu na kuiendesha roboti, halisi au kopi. Kopi nyingi zina chipu ya CH340. Pakua programu ya kuifanya itambuliwe na kompyuta na uiweke kwenye flashi mapema, siku ambayo intaneti ipo.
- Draiva ya mota, inayopeleka umeme wa betri kwa mota kwa amri ya Arduino: TB6612FNG ukiipata, L298N ukiikosa. Tofauti yake nitaieleza.
- Mota mbili za njano zenye gia za 1:48, pamoja na magurudumu yake ya milimita 65.
- Seli mbili za lithiamu za aina ya 18650, kishikio chake, na chaja ndogo ya TP4056.
- Vihisi vitano vya TCRT5000, macho ya kuona mstari, vyenye pini ya analogi, inayotoa namba nyingi badala ya ndiyo au hapana tu. Vile vyenye pini ya dijitali peke yake viache dukani.
- Kapasita mbili za 0.1 µF (zimeandikwa 104) na moja ya 470 µF ya volti 16 au zaidi.
- Rezista mbili za kilo-omu 10, swichi, kitufe kidogo, fyuzi ya ampea 3.
- Maltimita. Ya bei ndogo inatosha, lakini iwepo. Kundi lisilo na maltimita linabahatisha.
- Pasi ya kuchomelea ya wati 30 hadi 40, risasi yake, na gundi ya moto.
- Plaiwudi ya milimita 3, au kipande cha plastiki ngumu kilichobaki kwa watengeneza mabango.
- Bango kuukuu la plastiki, la kampeni au la mkutano wa injili, na utepe mweusi wa mafundi umeme wenye upana wa milimita 19.

Najua kuna atakayewaza kutengeneza fremu ya bati la shaba, kwa kuwa tuko Lubumbashi na mafundi wa shaba hawako mbali. Itapendeza sana kwenye picha. Lakini shaba ni nzito, karibu gramu 9 kwa kila sentimita ya ujazo, na inapitisha umeme: pini moja ya Arduino ikiigusa kwa chini, kazi imekwisha. Ichongeeni jina la kundi na muibandike juu kwenye plaiwudi.

## Hatua ya 1: Soma kanuni ukiwa na rula mkononi

Tafuta mambo manne: ukubwa wa mwisho, volti ya juu inayoruhusiwa, upana wa mstari, na kama mnaruhusiwa kuigusa roboti ikitoka njiani. Kisha tengeneza kisanduku cha katoni chenye ukubwa huo. Kwenye FIRST Tech Challenge, mashindano ya kimataifa ya roboti za wanafunzi, kwa mfano, roboti lazima iingie kwenye mchemraba wa inchi 18 kabla ya mechi kuanza. Waya mmoja uliochomoza unatosha kukurudisha nyuma. Kila ukiongeza kitu kwenye roboti, irudishe kisandukuni.

## Hatua ya 2: Umeme

Hapa tukae kidogo.

Betri ya mraba ya volti 9 haifai. Ndiyo inayouzwa kila duka na ndiyo inayoua roboti nyingi kuliko kitu kingine. Volti 9 zipo kweli, lakini ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, kwa hiyo mota mbili zikianza kuvuta ni sawa na kunywesha ng'ombe kwa mrija wa soda. Volti inaporomoka, Arduino inajiwasha upya, mota zinasimama, volti inapanda tena, na mchezo unaanza upya. Ukiona taa ndogo ya pini namba 13 inapepesa kila mota zinapoanza, huo ndio ugonjwa wako. Programu haina kosa.

Seli mbili za 18650 zilizounganishwa mfululizo hutoa volti 7.4, na zikijaa hufika 8.4. Zinaweza kutoa mkondo ambao mota zinauhitaji. Zinapatikana mpya, au ndani ya betri za kompyuta za zamani.

Ukinunua mpya, usidanganyike na maandishi. Seli nyingi halisi za ukubwa huo hazifiki hata mAh 4,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa). Iliyoandikwa 9,800 ni uongo mtupu. Ipime kwenye mizani: halisi huwa na gramu 45 hivi, za uongo mara nyingi ni nyepesi kuliko hapo.

Ukichukua za kompyuta, mwombe fundi aliyezoea akufungulie. Bisibisi likitoboa seli ya lithiamu, inashika moto, na moto wake si wa kupuliza. Kisha pima kila seli peke yake. Iliyo chini ya volti 2.5 itupe hata kama inaonekana mpya. Zilizobaki zijaze, ziache siku mbili, upime tena. Chagua mbili zilizobaki na volti zinazolingana.

Kuchaji: TP4056 inajaza seli moja kwa wakati hadi volti 4.2. Zitoe kwenye roboti, uzijaze moja moja. Usiichomeke chaja hiyo kwenye seli mbili zilizounganishwa mfululizo. Usichaji usiku mkiwa mmelala. Umeme ukikatika, chomoa chaja, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuchomeka tena, kwa sababu mara nyingi hurudi na kishindo. Seli inayopata joto la kukufanya uondoe mkono ni ya kutupwa. Wala usichomelee waya moja kwa moja kwenye seli. Joto la pasi linaiharibu ndani. Kishikio kimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Baadhi yenu mmeanza kuilisha Arduino kwa pawabanki ya simu kupitia USB na kuziachia mota betri zake. Wazo si baya. Ila Arduino Uno inakula mkondo mdogo mno, na baadhi ya pawabanki zikiona hivyo hudhani simu imejaa, zikajizima. Ijaribu nusu saa nzima kabla ya kuiamini.

Sasa unganisha hivi: chanya ya betri, fyuzi, swichi, kisha igawanye njia mbili, moja kwa draiva ya mota, nyingine kwa pini ya VIN ya Arduino, yaani mlango wake wa umeme. Hasi ya betri iende kwa draiva na kwa GND ya Arduino, vyote viwili. Wanaosahau kuunganisha hasi zote pamoja ni wengi ajabu, na dalili yake ni mota zinazotikisika ovyo au kutotii kabisa. Kapasita ya 470 µF ikae karibu kabisa na pini za umeme za draiva. Mguu wenye mstari ni hasi, ukiigeuza inapasuka.

Rezista mbili za kilo-omu 10 ziunganishe mfululizo toka chanya hadi hasi, na katikati yake utoe waya kwenda pini ya A5. Hapo Arduino inasoma nusu ya volti ya betri, 4.2 ikiwa imejaa, na 4.2 ni salama kwa pini ya volti 5. Utashukuru ukifika hatua ya 7.

*Kipimo:* washa kila kitu, weka maltimita kwenye betri, endesha mota zote mbili, kisha shika magurudumu kwa mkono kwa sekunde moja tu. Volti isishuke chini ya 7, na Arduino isijiwashe upya. Inashuka? Usisonge mbele. Badilisha seli, au tafuta mahali paliposhikana vibaya.

## Hatua ya 3: Fremu na magurudumu

Mota mbili zikae kwenye mstari mmoja mnyoofu, zikitazamana. Gurudumu moja likitangulia la pili hata kwa milimita tatu, roboti inajikokota upande mmoja maisha yake yote.

Betri, ambayo ndiyo nzito kuliko vyote, iwe juu ya mhimili wa magurudumu au nyuma yake kidogo tu, na iwe chini iwezekanavyo. Sababu ni mshiko: uzito ukienda mbele, magurudumu yanateleza badala ya kusukuma, na roboti inapinda kwa kuchelewa.

Mbele panahitaji kitu cha kutelezea. Mpira wa deodoranti ya kupaka, uliokatwa na shingo ya chupa yake, unafanya kazi vizuri kuliko vigurudumu vingi vya dukani vinavyoyumba. Usafishe mafuta yote.

Magurudumu ya njano huja na mpira mgumu. Kwenye sakafu ya darasa wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiwa limetanda, yanateleza kama hayana kazi. Pita kwa kwado, fundi wa matairi, umwombe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kata pete yenye upana wa gurudumu, ivute juu yake. Kabla ya kila mbio, futa kwa kitambaa chenye unyevu.

*Kipimo:* iweke kwenye ubao laini, inua upande mmoja taratibu huku magurudumu yakiwa yamezuiwa. Isianze kuteleza kabla ubao haujainuka vya kutosha, takriban nyuzi 30.

## Hatua ya 4: Mota

Masikio ya shaba ya mota hizi ni membamba na yanavunjika. Chomelea waya, chomelea na kapasita ya 104 kati ya masikio mawili, kisha funika kwa gundi ya moto ili waya ukivutwa gundi ndiyo ibebe. Kapasita hiyo inazima cheche za brashi za mota, ambazo zingeingia kwenye nyaya za vihisi na kukuletea namba za ajabu. Nyaya mbili za kila mota zisokote pamoja.

Sasa draiva. L298N inakula karibu volti 2 njiani na kuzigeuza joto, ukiipa 7.4, mota inabaki na 5.4 hivi. Inafanya kazi, ila betri inateseka. TB6612FNG inapoteza kidogo sana na inabeba ampea 1.2 kwa kila mota bila shida. Inataka mambo mawili: pini ya STBY iunganishwe kwenye volti 5, la sivyo haitasogeza kitu na utalia bure; na kwa kuwa mota za njano ni za volti 3 hadi 6, usivuke 180 kati ya 255 kwenye analogWrite, amri ya programu inayopanga nguvu ya mota. Betri ikijaa, 180 ni karibu volti 6.

Fanya majaribio mawili madogo, uandike matokeo daftarini.

La kwanza: anza na 0, panda polepole, uandike namba ambayo kila gurudumu linaanza kuzunguka roboti ikiwa chini, siyo ikiwa hewani. Chini ya namba hiyo mota inalia tu bila kusogea. Programu yako isiombe kasi iliyo kati ya sifuri na namba hiyo.

La pili: iache iende mita mbili kwa namba sawa kwa mota zote, ikifuata kiungo cha vigae. Hakuna mota mbili zinazolingana. Ile yenye kasi ipunguze kwa asilimia mpaka njia inyooke. Kama unalazimika kupunguza zaidi ya asilimia 15, mota moja ina hitilafu au gurudumu linasugua fremu. Tafuta kwanza.

*Kipimo:* katika mita mbili isiachane na kiungo cha vigae kwa zaidi ya upana wa kiganja.

## Hatua ya 5: Vihisi

TCRT5000 ina taa inayotoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na jicho linalopokea unaorudi. Nyeupe inarudisha mwingi, nyeusi inarudisha kidogo. Basi. Lakini mitego iliyomo ni mingi.

Urefu kutoka sakafuni. Kihisi hiki kinaona vizuri zaidi kikiwa milimita 2.5 kutoka kwenye kitu. Vikundi vingi huviweka sentimita moja au mbili juu, kisha vinashangaa kwa nini nyeupe na nyeusi zinafanana. Weka milimita 3. Kipimo cha bure: kadi ya benki, au kile kipande kikubwa ambamo SIM kadi hutolewa, kina unene wa milimita 0.76. Nne zikipangwa juu ya nyingine ni kama milimita 3. Zitelezeshe chini ya vihisi wakati wa kufunga skrubu.

Nafasi kati yake. Kwa mstari wa milimita 19, acha milimita 12 kutoka katikati ya kihisi kimoja hadi kingine. Hivyo wakati wowote mstari unaguswa na angalau kimoja, mara nyingi viwili, na programu inaweza kukadiria mahali ulipo hata kati ya vihisi. Ukiviachanisha kwa sentimita 3, kuna mahali mstari unapotea katikati na roboti inapofuka.

Umbali mbele ya magurudumu. Sentimita 8 hadi 12. Vikiwa karibu sana na mhimili, vinaiona kona imeshafika. Vikiwa mbali sana, pua ya roboti inakuwa ndefu, na kila mpindo mdogo unavirusha vihisi nje ya mstari.

Je, taa zinawaka? Fungua kamera ya mbele ya simu na uielekeze kwenye kihisi. Kamera nyingi zitaonyesha nukta ya zambarau. Isiyoonekana huenda imekufa au imeunganishwa kinyume. Jaribu simu mbili kabla ya kuhukumu, maana kamera nyingine huchuja mwanga huo.

Jua. Mwanga wa jua umejaa infraredi, na taa za kizamani zenye waya ndani vilevile. Taa za LED hazina shida. Roboti iliyofanyiwa majaribio chumbani jioni ikipelekwa kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa saa sita mchana inaona kila kitu cheupe. Dawa ni sketi: kata katoni nyeusi au sifongo nyeusi, izungushe pande zote nne za vihisi, ishuke hadi karibu kugusa sakafu. Halafu fanya majaribio dirishani makusudi.

Nyeusi ambayo si nyeusi. Kuna wino na rangi zinazoonekana nyeusi kwa macho lakini zinarudisha infraredi vizuri tu. Kama uwanja wa mashindano umechapwa, usiamini macho yako. Omba kipande ukipime. Utepe wa umeme kwa kawaida unafanya kazi, ingawa unang'aa: usiuvute ukiubandika konani, maana mikunjo hurudisha mwanga.

Kwa uwanja wa mazoezi, geuza lile bango la plastiki, upande wa nyuma mweupe utazame juu. Weka kona pana, kona kali ya nyuzi 90, mistari inayokatana, na mahali ambapo mstari umekatika kwa sentimita 5. Msiweke mduara tu. Mduara unaidekeza roboti.

Sasa andika programu fupi ya kuonyesha namba za vihisi vyote, A0 hadi A4. Weka kila kihisi juu ya nyeupe, kisha juu ya nyeusi, andika daftarini.

*Kipimo:* kwenye kiwango cha 0 hadi 1023, tofauti ya nyeupe na nyeusi iwe angalau 400 kwa kila kihisi, dirishani na kivulini. Kimoja kikiwa na 150 wakati wenzake wana 500, rudi kwenye kadi nne. Mara nyingi kimefungwa juu zaidi.

## Hatua ya 6: Programu

Ukifika hapa na vipimo vyote, sehemu iliyobaki ni fupi kuliko unavyodhani.

Kwanza sawazisha vihisi. Roboti ikiwashwa, iyumbe kushoto na kulia juu ya mstari kwa sekunde tano, ikikumbuka namba ndogo na kubwa ya kila kihisi. Kisha kila usomaji ugeuzwe kuwa 0 kwa nyeupe na 1000 kwa nyeusi. Hii inafuta tofauti za vihisi na za mwanga wa ukumbi kwa pamoja.

Pili, tafuta mahali mstari ulipo. Vipe vihisi uzito wa −2, −1, 0, 1 na 2, kutoka kushoto:

kosa = jumla ya (uzito × usomaji) ÷ jumla ya usomaji

Sifuri ni katikati. Namba chanya inamaanisha mstari uko kulia.

Tatu, amua mpindo, kwa namba mbili, Kp na Kd, utakazozitafuta kwenye hatua ya 7:

mpindo = Kp × kosa + Kd × (kosa − kosa la awali)

Mota ya kushoto ipewe kasi ya msingi ukijumlisha mpindo, ya kulia kasi ya msingi ukitoa mpindo. Kp inajibu umbali kutoka katikati. Kd inajibu jinsi umbali huo unavyobadilika, ndiyo inayotuliza kuyumba. Mtakutana na herufi ya tatu, Ki. Kwa njia za urefu huu iacheni sifuri. Inaleta matatizo kuliko inavyotatua.

Nne, kupotea. Jumla ya usomaji ikiwa ndogo mno, hakuna kihisi kinachoona nyeusi, na kugawanya kwa jumla hiyo kutakupa upuuzi. Kumbuka mstari ulionekana mwisho upande gani, zunguka kuelekea huko. Kama mara ya mwisho ulikuwa katikati, huenda ni pengo: nyooka mbele kidogo kwanza. Mistari hii michache ndiyo inayookoa roboti kwenye kona za nyuzi 90.

Onyo moja ambalo sijaona kundi likilijua bila kuambiwa: futa maandishi yote ya kutuma namba kwenye kompyuta kabla ya kukimbiza. Kwa kasi ya mawasiliano ya 9600, Arduino hutuma herufi 960 kwa sekunde. Ukituma herufi 40 kila mzunguko, umepoteza sekunde 0.04. Roboti inayokwenda nusu mita kwa sekunde imesafiri sentimita 2, upana mzima wa mstari, ikiwa imefumba macho. Kusoma vihisi vyote vitano kunachukua takriban nusu ya milisekunde tu. Ukihitaji kuona namba, tumia 115200, na uzime ukimaliza.

## Hatua ya 7: Kutafuta Kp na Kd

Pima betri kabla ya kugusa chochote. Betri kati ya volti 8.4 na 7.2 ina tofauti ya asilimia 14, na kasi ya mota inafuata hapo. Ndiyo sababu roboti iliyotulia jioni inatoka njiani asubuhi yake ikiwa imejaa. Tafuta namba zako kwenye volti 7.8 hivi, kisha tumia ile pini ya A5: zidisha nguvu ya mota kwa 7.8 ukigawanya kwa volti ya sasa. Roboti itaenda sawasawa betri ikiwa imejaa au imechoka kidogo.

1. Weka kasi ya msingi 90, au juu kidogo ya ile namba ya kuanzia uliyoandika kwenye hatua ya 4. Kd iwe 0.
2. Anza na Kp ya 20. Panda kwa tano tano mpaka iweze kupita kona zote, hata kama inayumba.
3. Punguza Kp kidogo, kisha ingiza Kd kwa kuanzia mara tano ya Kp. Panda mpaka kuyumba kuishe.
4. Ikianza kutetemeka haraka haraka kama yenye homa, Kd imezidi. Rudi nyuma.
5. Sasa ongeza kasi kwa 10 na urudie kutoka 2.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uandike. Ugomvi mwingi ndani ya vikundi unatoka hapa: mmoja anabadilisha Kp, mwenzake kasi, wa tatu ameinua vihisi, na hakuna anayejua kilichosaidia. Mteue mmoja wa kushika kompyuta na mmoja wa kushika daftari. Wengine watazame.

Kwa mota hizi, kasi ya juu kabisa ni takriban mita 0.68 kwa sekunde: mizunguko 200 kwa dakika, gurudumu la milimita 65. Usiifukuzie. Roboti inayomaliza njia kwa asilimia 70 ya kasi yake inaishinda ile inayotoka kwenye kona ya tatu.

*Kipimo:* mizunguko kumi mfululizo bila kutoka, pande zote mbili za uwanja, kwa betri iliyojaa na kwa betri ya volti 7.2. Ikitoka mara moja, hesabu inaanza upya.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Programu ya mwisho iwe tayari ndani ya Arduino tangu jana yake, na kompyuta iwe imejaa chaji. Ukumbi unaweza kuwa wa jenereta, au usiwe na umeme kabisa. Nakala ya programu iwe kwenye flashi na kwenye simu ya mtu wa pili.

Kwenye begi: seli mbili za akiba zilizojaa, fyuzi, mota moja ambayo tayari ina waya na kapasita, bisibisi, utepe, gundi, kitambaa, kile kisanduku cha katoni, na kadi zile nne. Tatizo likitokea hapo ukumbini, kuna uwezekano mkubwa kwamba kihisi kimesogea safarini. Barabara zetu na teksi tunazozipanda mnazijua.

Mkifika, fanyeni usawazishaji kwenye uwanja wenyewe, mahali hasa roboti itakapoanzia. Waamuzi wakiruhusu mzunguko wa majaribio, utumieni kwa kasi ndogo kutazama mistari inapokatana, siyo kujionyesha. Kitufe cha kuanzia kiwe na subira ya sekunde mbili ndani ya programu, ili mkono uondoke kabla mota hazijavuta.

Waamuzi wakiuliza kwa nini mlichagua hiki au kile, fungueni daftari. Kurasa zenye volti, milimita na Kp zilizokatwa na kuandikwa upya zinajibu vizuri kuliko hotuba, na mashindano mengi yana alama za hilo.

Roboti ikitoka kwenye mzunguko wa kwanza, msiguse programu. Pima betri, futa magurudumu, pitisha kadi nne chini ya vihisi, sawazisha tena. Namba zilizopita mizunguko kumi juzi hazijaharibika usiku.

Mkirudi nyumbani, toeni seli kwenye kishikio siku hiyo hiyo. Kama hamtazitumia kwa wiki kadhaa, zibaki karibu na volti 3.8 kila moja, zisiwe zimejaa wala tupu, kwenye kopo la bati, mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto.